Koti la Kuazima

Siku ile nyumbani kwetu Kharumwa tulikuwepo watu sita. Nilikuwepo mimi, mtoto wa kwanza wa wazazi ambao wote wawili wameshatangulia. Alikuwepo mdogo wangu anayenifuata, ambaye ndiye aliyekuwa mgonjwa, chumbani, ameegemea mito mitatu na uso ameugeuzia ukutani. Alikuwepo wifi yangu, mkewe, ameshika bakuli la uji uliokwisha kupoa. Alikuwepo kitinda mimba wetu, mwalimu wa shule ya msingi, aliyeomba ruhusa kazini na kuja kwa bodaboda, vumbi limemjaa mpaka kwenye kope. Alikuwepo shangazi yetu, dada wa baba, aliyetoka Ushetu na kitenge kinachonukia tumbaku. Hao ndio niliowaita. Wa sita alikuja bila kuitwa, na nitamfikia.

Niliwaita kwa sababu ya ombi. Mdogo wangu alikuwa ameomba apelekwe kwenye nyumba yetu ya zamani, kijijini upande wa Shinyanga, akakae karibu na kaburi la mama. Ukilisikia hivyo ni ombi dogo. Lakini kule hakuna umeme, na yeye alikuwa anaishi kwa mashine ya oksijeni inayotumia umeme. Alijua hivyo. Nasi tulijua kwamba anajua. Kumpeleka kule ilikuwa ni kumpeleka akafe, na mwenye kusema ndiyo au hapana nilikuwa mimi, kwa kuwa ndiye mkubwa.

Ukubwa huo niliupata nikiwa darasa la tano. Mama alipofariki, miaka miwili baada ya baba, niliweka madaftari juu ya dari la ghala na sikuyashusha tena. Tulilima pamba za watu, tukaanika michembe, vile viazi vitamu vilivyokatwa, na kuiuza, na kitinda mimba akaendelea na shule. Huyu anayenifuata alipopata nguvu za mikono alikwenda kwenye maduara, mashimo ya dhahabu, kama vijana wote wa rika lake. Alichimba, kisha akahamia kwenye karasha, ile mashine inayosaga mawe mpaka yawe unga. Alikuwa akirudi nyumbani nyusi nyeupe kama mzee, na sisi tulikuwa tukimcheka. Naye alikuwa akijicheka kuliko sisi. Kwenye machimbo yote ya upande huu hakukuwa na mtu aliyependa utani kama yeye.

Kikohozi kilianza taratibu. Aliugua kifua kikuu, akatumia dawa mpaka akazimaliza, akapona kifua kikuu lakini hakupona. Hospitali ya misheni walituonyesha picha ya mapafu yake. Daktari alieleza kwamba makovu ya ugonjwa na vumbi la mawe vimekaa humo pamoja, na kwamba mapafu yaliyobaki hayatoshi kuupa mwili hewa unayohitaji. Hayatarudi yalivyokuwa. Yanaweza kusaidiwa. Tulipata mashine kwa familia moja ya Shinyanga mjini, ambayo mama yao aliitumia mpaka alipofariki. Ina ukubwa wa ndoo kubwa, inaunguruma kutwa, na inatoa mpira mwembamba unaoingia puani.

Mtu ambaye hajakaa na mgonjwa wa namna hii hudhani kukosa pumzi ni kuhema tu. Mimi pia nilidhani hivyo. Nilikuja kuona kwamba pumzi ikipungua kila kitu kinapungua. Kuoga kulikuwa safari. Maji yakimgusa usoni alishikwa na hofu kama anazama, akawa anakamata mkono wa mkewe mpaka unabaki na alama. Kuvaa shati ni lazima apumzike mkono mmoja ukishaingia. Asubuhi aliamka na kichwa kinachogonga. Miguu ilivimba. Mdomo ulikauka kwa ile hewa ya mashine. Kula nako ni kazi, maana huwezi kutafuna na kuhema kwa wakati mmoja, na tonge la ugali lilianza kumwogopesha yeye, Msukuma mzima, ambaye zamani alikuwa akiuliza kama kuna ugali hata baada ya wali. Kulala chali alikuwa hawezi. Kwenda msalani alikuwa anasindikizwa, na hilo ndilo lililomuuma kuliko yote. Hakuwahi kulisema, lakini alikuwa anapunguza maji ya kunywa ili asiende.

Na sisi, kwa nia njema kabisa, tukamwongezea.

Ilianza siku ambayo wanajumuiya walikuja kumpa pole. Walikuwa wengi, na kwetu huwezi kuingia nyumba ya mgonjwa ukamsalimia kwa mkato. Kila mmoja alimwamkia, akamuuliza habari za nyumbani, za watoto, za mvua, za usingizi, naye, kwa adabu aliyolelewa nayo, akamjibu kila mmoja. Walipoondoka midomo yake ilikuwa imebadilika rangi. Tulidhani tunampoteza. Jioni ile tukaweka sheria ya nyumba, na sote tuliiunga mkono, shangazi akiwa kwenye simu. Mgonjwa asisalimiwe. Watoto wasimwambie shikamoo, kwa sababu akiambiwa shikamoo itabidi aseme marahaba. Wageni wakae uani na mimi. Na zaidi ya yote asichekeshwe, maana kicheko kilikuwa kinageuka kikohozi, na kikohozi hakikuwa kinajua pa kukomea.

Nyumba ikatulia. Binti yake alikuwa akitoka shule, anapita mlangoni pa baba yake kwa ncha za vidole. Majirani walitusifu. Walisema hawajaona mgonjwa anayetunzwa kwa utulivu kama huyu.

Naye akaanza kuondoka kidogo kidogo huku yupo. Redio alimpa jirani. Buti za machimboni akampa kijana wa jirani huyo. Koti lake la ngozi, alilolinunua Kahama mwaka ule ambao duara lao lilitema dhahabu, koti alilolipenda mpaka akalivaa siku ya joto la kutisha kwenye harusi yake, alimwita fundi baiskeli wa njia panda akampa. Tulisema ana moyo wa kutoa. Akaacha kula, tukasema ni mapafu. Akaacha kuzungumza hata na mkewe, tukasema vizuri, anatunza pumzi. Akawa anautoa mpira puani na kuuweka pembeni, tukasema unamkwaruza, tukaupaka mafuta ya nazi. Halafu ndipo akatoa ombi la kwenda kwa mama.

Basi siku ile tulikaa sebuleni, mlango wa chumba umerudishwa, tukizungumza kwa sauti ya chini.

"Mwanangu," shangazi aliniambia, "mtu akiomba kulala karibu na mama yake, wewe utamkatalia kwa mdomo gani?"

"Shangazi, kule hakuna umeme," kitinda mimba alisema. "Hiyo mashine itakuwa kiti cha kuku."

"Na hapa anafanya nini? Anaishi?"

"Anapumua."

"Nimeuliza kama anaishi, mwalimu. Usinisahihishe daftari."

Wifi yangu alikuwa anakoroga uji ule uliopoa. Kisha akasema bila kutuangalia, "Jana ameniambia nikiolewa tena nisiliuze jaruba la mpunga."

Nilikuwa nimechoka, uchovu wa miezi, na ninaandika hapa kilichokuwa kichwani mwangu: nilikuwa karibu kukubali. Nilishaanza hata kufikiri ni gari la nani litakalofika kule bila kukwama kwenye mbuga.

Ndipo tukasikia sauti getini.

"Hodi! Hodi hapa msibani!"

Shangazi aliruka kama ameketi juu ya siafu. Mimi niliijua sauti hiyo. Ilikuwa ya mtani wetu, mama wa Kizaramo anayeuza chai na vitumbua karibu na stendi. Alikuja huku zamani na mumewe aliyekuwa anauza vitambaa kwenye minada, wakapenda, wakabaki. Sisi na Wazaramo ni watani tangu mababu zetu walipokuwa wakitembea kwa miguu kwenda pwani, na mdogo wangu na mama huyu waliubeba utani huo kana kwamba ni wao wawili walioachiwa. Mdogo wangu alikuwa hawezi kunywa chai ya mama huyo bila kuitukana kwanza. Naye alikuwa hampi kitumbua bila kumuuliza kama leo amenawa au bado anasubiri mvua.

Mume wa mama huyo alipofariki, mdogo wangu alifanya kazi ya mtani kama inavyotakiwa. Alivaa kofia ya marehemu, akachukua bakora yake, akajilaza mlangoni jeneza likitaka kutoka. "Hapiti mtu," alisema. "Huyu mzee alikuwa ananiambia kila siku kesho nitakunywa chai bure. Hiyo kesho iko wapi?" Waombolezaji walicheka huku wanalia. Na mjane mwenyewe, ambaye tangu alfajiri alikuwa hajasema wala kulia, alicheka ndani ya kanga yake, kisha machozi yakatoka, na wanawake wakasema afadhali.

Kwa sababu ya sheria yetu nilikuwa nimeshamzuia getini mara mbili, kwa heshima. Siku ile hakusubiri heshima yangu. Aliingia amejifunga kanga kiunoni kama mtu aliyekuja kuchota maji ya msiba, begani ana gunia tupu.

"Mtani, hapa hakuna msiba," nilimwambia.

"Hakuna? Sasa mbona fundi baiskeli amepita stendi na koti la marehemu? Nimemuuliza, akasema amepewa. Nikasema haya, Wasukuma wamezika kimya kimya ili wasitulishe."

"Mama, mgonjwa amelala," shangazi alisema kwa ukali. "Hatakiwi kuchekeshwa."

"Nani amekuja kuchekesha? Nimekuja kuchukua vyombo."

Akanipita. Mimi ni mwanamke mwenye mwili, nimebeba magunia ya mpunga tangu utotoni, ningeweza kumzuia. Sikumzuia. Aliusukuma mlango wa chumba, nasi wanne tukamfuata tukiwa tumeshika vifua.

Mdogo wangu alikuwa vilevile, uso ukutani. Mpira wa mashine ulikuwa juu ya shuka, ukipuliza hewa bure.

"Wewe Msukuma. Mwadila."

Mtani alitugeukia.

"Hajibu salamu ya kwao. Basi kweli amekufa. Nipeni kamba nimpime. Jeneza la Msukuma linakula mbao za madarasa mawili." Alitandika gunia lake chini, akakaa. "Ila kabla hamjamtoa, nina kesi naye. Ulivaa kofia ya mume wangu, umesahau? Ukalala mlangoni kwangu kama gogo, watu wazima wanne wakashindwa kukuondoa. Nikasema sawa, mimi zamu yangu itafika, nitachukua koti. Nimelisubiri koti hilo. Nimekaa stendi nikilipigia hesabu ya vifungo. Leo nasikia umempa mtu wa baiskeli! Mali ya mtani! Umeniibia, na hata kufa hujafa!"

Mabega ya mdogo wangu yalitikisika. Wifi yangu alishika mdomo, akidhani analia. Nami nilidhani hivyo.

Kisha tukasikia sauti ambayo hatukuwa tumeisikia kwa siku nyingi, imekatikakatika, bado imeelekea ukutani.

"Hali... kutoshi."

"Nini?"

"Koti. Wewe..." Akavuta hewa. "Pipa."

"Yallah!" mtani alipiga makofi. "Marehemu ana matusi!"

Hapo ndipo mdogo wangu alipogeuka na kucheka. Kilikuwa kicheko chake kilekile, ila kidogo, kama kimetoka chini ya mlango. Na kama tulivyoogopa siku zote, kikageuka kikohozi. Alikohoa mpaka macho yakatoka, midomo ikawa ya zambarau, mikono ikatafuta kitu cha kushika. Shangazi alianza kusali kwa Kisukuma. Kitinda mimba alikuwa anasema "Mmeona, mmeona." Wifi yangu aliweka bakuli chini, akamketisha, akamwinamisha mbele viwiko vikiwa juu ya mto, akasema kwa utulivu kama walivyomfundisha wauguzi, "Puliza. Kama unapoza chai. Usivute, puliza kwanza." Nikaokota mpira nimvalishe. Aliunyang'anya mkononi mwangu, akauvaa mwenyewe.

Mpaka leo nikikumbuka siku ile, ninachokiona kwanza ni mkono ule. Kwa wiki nzima tulikuwa tukimvalisha na yeye akitoa. Sasa aliuvaa mwenyewe, haraka, kama mtu anayetaka kuwahi kujibu.

Kikohozi kilipungua. Kikaisha. Hakufa. Tulibaki tumesimama tukimtazama kama watu waliosubiri nyumba iporomoke, nayo imebaki imesimama.

Alipopata pumzi alisema, kipande kwa kipande, maneno ambayo nayaandika yakiwa yameungwa, maana alivyoyasema yalichukua muda: "Tangu nirudi kutoka hospitali hakuna mtu aliyenitania. Watoto hawaniamkii. Mtoto wangu mwenyewe anapita kama anapita makaburini. Nikajua mmeshanizika, mnasubiri tu mwili."

"Tulikuwa tunakutunzia pumzi, baba," shangazi alisema.

"Pumzi... za kazi gani?"

Mtani ndiye aliyesema, "Za kunijibu mimi," akaanza kulikunja gunia lake.

Wakati huo nikasikia sauti yangu ikisema kile nilichotakiwa kukisema. Nilisema, "Kwa mama hatutakwenda kukaa. Kesho tunakwenda hospitali." Nilimwangalia mdogo wangu nikitegemea ugomvi. Aliniangalia muda mrefu, kisha akauliza kama kuna chai.

Koti lilirudi jioni ileile, jua bado lipo. Fundi baiskeli alilileta mwenyewe, na nafikiri alifurahi kuachana nalo, kwa sababu mtani alikuwa amemwambia mbele ya wateja wake kwamba amevaa sanda. Mtani alilipangusa kwa kanga yake, akamwekea mdogo wangu mabegani.

"Sikia. Hili ni langu. Nakuazima tu, kwa kuwa kuna baridi ya kiangazi. Usilitoe, usiligawe, usilimwagie uji. Siku yako ikifika nitakuja kulichukua, na nitalivaa nikicheza mbele ya jeneza lako mpaka ndugu zako waone aibu. Deni hilo. Umesikia?"

"Utasubiri," mdogo wangu alisema.

Hospitalini tulimkuta daktari kijana ambaye hakutuuliza sisi. Alimuuliza yeye, na akasubiri majibu, hata yalipochelewa. Alimwambia asipoteze pumzi kwa ndiyo na hapana, ainue kidole tu. Alimuuliza kama bado kuna kitu kinachompendeza. Alimuuliza kuhusu usingizi, kuhusu chakula, kama anajiona mzigo. Alimuuliza, bila kuzunguka, kama amekuwa akiona heri afe. Wifi yangu aliinamisha kichwa. Kidole kiliinuka. Daktari hakushtuka. Alimuuliza kama alikuwa amepanga namna, naye akasema, kwa mdomo sasa, "Kwa mama hakuna umeme."

Daktari alituambia kwamba mapafu ni ugonjwa mmoja, na juu yake umekuja ugonjwa wa pili unaoitwa sonona. Alisema huwapata wengi wanaoishi na pumzi fupi muda mrefu, na kwamba magonjwa haya mawili huvutana: hofu inaongeza kuhema, kuhema kunaongeza hofu, na mtu akiacha kula na kujisogeza, mwili nao unadhoofika na pumzi inazidi kuwa ngumu. Alisema si uvivu, si kukosa imani, na si kulogwa, na hapo alimwangalia shangazi kidogo, maana shangazi alikuwa amevaa uso wa mtu mwenye swali hilo. Alisema kubwa kuliko yote ni kwamba ugonjwa huo wa pili una matibabu hata kama wa kwanza hauponi. Alitoa vidonge vya kumeza kila siku, akaonya kwamba havifanyi kazi kwa haraka na tusikate tamaa wiki za mwanzo. Alipanga awe anarudi kuzungumza. Akarekebisha kipimo cha oksijeni. Akasema tuweke feni ndogo impulize usoni pumzi zinapobana, akae uani kila siku, apewe kazi za kukaa.

Kuhusu kwenda kwa mama alimwambia, "Tutibu kwanza. Ukishapata nafuu, niulize tena."

Sisemi mtani alimponya. Naandika hivi kwa sababu watu wa mtaani kwetu ndivyo wanavyosimulia, na sipendi mtu mwenye mgonjwa wake aache hospitali aende kutafuta Mzaramo. Vidonge vilifanya kazi yake. Maneno ya daktari yalifanya kazi yake. Mtani alifungua mlango ambao sisi tulikuwa tumeufunga, tena tukauwekea kitambaa chini.

Wiki za mwanzo zilikuwa ngumu kama alivyosema. Kisha siku moja mchana mdogo wangu alikula tonge la kwanza, akalitafuna muda mrefu, akasema, "Ugali gani huu. Laini kama wa mgonjwa." Wifi yangu alitoka nje haraka. Nikamfuata nikidhani ameudhika. Nilimkuta nyuma ya jiko, anacheka na kulia kwa pamoja, mwiko bado mkononi.

Sheria ya nyumba tuliifuta. Watoto tuliwaambia wamwamkie, naye atajibu kwa mkono: akiinua kiganja, hiyo ndiyo marahaba. Walilipenda jambo hilo kupita kiasi. Waliingia wakamwamkia, wakatoka, wakazunguka nyumba, wakaingia tena, mpaka akawa anawakunjia ngumi. Wageni tuliwaeleza wamsalimie mara moja na wamtazame usoni, habari za mvua wanipe mimi. Wengi wameelewa. Wasioelewa, anawafumbia macho na kujifanya amesinzia, na akiwa amejifanya hivyo koti lake linatikisika, nasi tunajua anacheka.

Anachambua mchele wa kuuza. Anamsikiliza binti yake akisoma. Redio ilirudi kutoka kwa jirani kwa hiari, pamoja na malalamiko kwamba betri zilikuwa mbovu tangu mwanzo.

Kwa mama tulikwenda. Aliuliza tena, daktari akakubali, tukapewa mtungi wa oksijeni wa kutosha safari ya siku moja na maelezo ya kuutumia. Shangazi alikuja kutoka Ushetu akatukuta kule. Tulimweka kwenye kiti karibu na kaburi, mtungi ubavuni, koti mabegani, mbuga yote mbele yake ikiwa kavu na ng'ombe wa watu wakipita mbali. Nilikaa chini nikingoja aseme jambo zito. Alilivuta koti vizuri mabegani. Kisha akasema, "Mama amekaa mahali penye upepo mzuri. Sisi twendeni, nina njaa." Shangazi alimwangalia, akaniangalia mimi, akaanza kukunja mkeka.

Siwezi kusema mambo yote ni mazuri. Mapafu ni yaleyale. Umeme ukikatika tunakimbilia mtungi wa akiba, nami nafungua koki huku nikimhesabia pumzi. Zipo asubuhi anaamka na kuugeukia ukuta, na siku hizo hatumwachi. Mmoja wetu anakaa naye, tunazungumza kana kwamba yumo kwenye mazungumzo, mpaka anaingia. Anameza vidonge vyake. Anaoga kwenye kiti sasa, mlango wazi kidogo, maji yakianzia miguuni, na mkono wa wifi yangu hauna tena alama.

Mtani huja siku za Ijumaa anapofunga biashara, na kisahani cha vitumbua vilivyobaki, ambavyo mdogo wangu huapa kwamba ni vya Alhamisi. Hataki kiti. Anakwenda moja kwa moja kwenye koti, analikagua kama mwenye nyumba anayekagua mpangaji.

Wiki iliyopita alikuta mfuko umefumuka.

"Nani amefanya hivi?"

"Panya," mdogo wangu alisema.

"Panya mwenye vidole kumi. Lete hapa." Alitoa sindano kwenye mkunjo wa kanga, akakaa chini pale uani kushona, miguu ameinyoosha. "Sishoni kwa ajili yako. Nashona mali yangu. Wewe umekaa nalo muda mrefu mno, Msukuma. Lini unalipa?"

Mdogo wangu alipuliza pumzi polepole kupitia midomo, kama anapoza chai. Alivuta nyingine. Alikuwa na jibu refu, niliona linavyopangika usoni pake, na sote tulimsubiri.

"Bado... nalitanua," alisema. "Likutoshe."

Mtani akakata uzi kwa meno, akamrushia koti. Akalivaa, mkono mmoja, akapumzika, mkono wa pili.